Paka Anayejificha Naye Apate Kwao

Mtu anayekuja kuchagua paka hunyoosha mkono, na paka wa kwanza kuunusa ndiye anayeondoka naye. Wanaobaki ni wale wale: aliyepita umri wa kuchezea kamba, mweusi, mwenye jicho moja, na aliyejibanza pembeni asiyetaka kuonekana. Hapa Gisenyi wengi wao hawamo katika kituo cha wanyama. Wako uani kwa mama aliyewaonea huruma huko Mbugangari, nyuma ya mgahawa karibu na ziwa, au katika nyumba ambayo mpangaji amehama. Mji wa mpakani huhamwa ghafla. Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu walivuka kutoka Goma usiku, na anayekimbia hubeba watoto na godoro kwanza.

Nianze na anayejificha, maana ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Paka hujiona salama kwa kujua kila kona ya eneo lake, pa kupanda na pa kupenya. Ukimhamisha, ujuzi huo wote unapotea siku ile ile, na kilichobaki kwake ni kujificha. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio lao kuhusu paka 19 walioingia kituoni: kumi walipewa boksi la kujifichia, tisa hawakupewa. Wenye maboksi walitulia mapema zaidi. Kwa hiyo boksi la sabuni kutoka dukani, likikatwa mlango, linaweza kumsaidia atulie mapema. Liweke katika chumba kimoja kimya pamoja na maji na beseni la mchanga, na usimvute atoke. Kaa chini, mtazame, fumba macho polepole, ufumbue. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka hujibu ishara hiyo, na humkaribia kwa urahisi zaidi mtu aliyeifanya.

Kwa watoto wa paka, wakati ndio kila kitu. Kati ya wiki ya pili na ya saba tangu kuzaliwa ndipo ubongo wao hujifunza kwamba binadamu si adui. Aliyezaliwa juu ya dari ya ghala na asiguswe hata mara moja katika wiki hizo atakukoromea na kukuparura; ni woga tu. Wengine hulainika kwa subira. Asiyelainika usimlazimishe kukaa mapajani. Mtafutie mwenye ghala la mahindi au maharage anayesumbuliwa na panya, akubali kumlisha kila siku. Wapo wanaomnyima paka chakula ili awinde; hilo ni kosa, kwani paka aliyeshiba huwinda vilevile.

Mweusi anabebeshwa mzigo wa uchawi. Rangi yake inatokana na jeni tu, na haielezi chochote kuhusu roho yake. Kwa Waislamu wa mji huu niongeze kwamba hadithi iliyopokewa kutoka kwa Abu Qatada inamhesabu paka kuwa si najisi, wala haikubagua rangi. Mweusi ana shida nyingine ndogo: kwenye picha ya simu huonekana kama doa. Mpige picha mchana karibu na dirisha, juu ya kitambaa cheupe, simu ikiwa usawa wa macho yake. Unapoituma kwenye WhatsApp, usiandike kwamba anasikitisha. Andika anachofanya: hulala miguuni, haogopi watoto, hutumia mchanga bila kufundishwa.

Hapo ndipo paka mkubwa humshinda mtoto. Tabia yake unaiona leo; ya mtoto unaibahatisha. Nyumba yenye mtoto mdogo mara nyingi hufaidika zaidi na jike mtulivu wa miaka minne. Mwenye jicho moja naye mara nyingi alipata tu mafua makali ya paka utotoni. Kidonda kikishapona, huruka na kuwinda kama wengine.

Lishe isimwogopeshe mtu. Paka hawezi kuishi kwa ugali, kwa sababu anahitaji taurini, inayopatikana kwenye nyama na samaki, na sisi tuna sambaza wa Kivu. Wachemshe kwanza, maana samaki wengi wa jamii yao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Kabla ya kumkabidhi yeyote, mwone daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu, na kwa kumhasi dume au kumfunga jike kizazi. Jike huweza kupata mimba akiwa na miezi minne, huibeba kwa siku 63 hadi 65, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ukitoa majike wawili bila kuwafunga, mwakani utatafuta nyumba kwa ukoo mzima.

Halafu mkubaliane mapema na anayemchukua: paka asipozoea, atarudishwa kwako, asiachwe sokoni.