Mkeka kwanza, ngoma baadaye

Siku za mwisho za Mfungo Sita, mji wa Lamu hufurika mpaka punda wakakosa pa kupita vichochoroni. Wageni hushuka gatini kwa makundi, kutoka Mombasa, Malindi, Tana River na hata Tanzania, na wote wanauliza njia moja: ya kwenda Langoni, kwenye Msikiti wa Riyadha. Mchana kuna mashindano ya majahazi, ya punda, ya kuogelea, ya bao na ya kuandika khati. Uwanjani, wanaume wa kanzu na kofia hujipanga safu wakacheza goma, bakora mkononi, mwendo wa taratibu kama maji ya bamvua yanayojaa. Pembeni yao vijana hucheza kirumbizi, fimbo zikigongana. Usiku ukiingia, watu huketi chini, matwari yakapigwa, nai ikalia, na Maulidi ya Mtume yakasomwa.

Tazama walioketi. Yuko Mbajuni wa visiwani, yuko sharifu ambaye nasaba yake inarudi Hadhramaut, yuko Mngazija, yuko Mpokomo wa kando ya mto Tana, yuko mtu ambaye wazee wake waliletwa Lamu kwa nguvu kulima mashamba ya wengine. Hakuna aliyewekewa kiti cha peke yake. Mgeni anaweza kudhani hili ni tamasha lililobuniwa kuvutia watalii. Ukweli ni kwamba Riyadha ni chuo, na ngoma unayoisikia ilianzia kwenye darasa.

Mwanzilishi wa chuo hicho, Swaleh bin Alawi Jamalilail, ambaye watu wa pwani humwita Habib Swaleh, hakuwa mwenyeji wa Lamu. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu akiwa kijana, akasoma kwa masharifu na maulamaa wa mji. Ni vyema kulikumbuka hilo: chuo kilichokuja kuwa fahari ya Lamu kiliasisiwa na mtu wa kuja.

Lamu aliyoikuta ilikuwa mji wa daraja. Upande wa Mkomani walikaa waungwana kwenye nyumba za mawe, zenye kumbi, vidaka na nasaba zilizohesabiwa kizazi baada ya kizazi. Upande wa Langoni palikuwa na vibanda vya makuti, na humo waliishi Wangazija, Wahadhrami wasio na mali, watumwa na watu waliokombolewa. Elimu ya dini ilikuwa kama kisima kilichochimbwa ndani ya nyumba ya muungwana: anayechota ni mwenye nyumba na jamaa zake. Mtumwa alitosha kujua namna ya kusali. Kufundishwa fiqhi, nahau na tafsiri halikuwa jambo lake.

Habib Swaleh alikwenda kukaa Langoni, akatandika mkeka, akasomesha kila aliyekuja. Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mtu aangalie kalenda. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, naye alianza kusomesha kabla ya hapo. Kwa hiyo miongoni mwa watu aliowaketisha mbele ya kitabu walikuwamo ambao, kwa sheria ya siku zile, walikuwa bado mali ya mtu. Waungwana walikereka, na si ajabu. Ikiwa mtoto wa kijakazi anaweza kufungua kitabu akakusahihisha irabu, ubora wako juu yake umebaki kwenye nini?

Ndipo ikaja ngoma. Maulidi yaliyozoeleka pwani yalikuwa ya Barzanji, nayo Lamu ilizoea kuyasikiliza kwa utulivu majumbani. Habib Swaleh akaleta Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa mji wa Seiyun, Hadhramaut, shekhe wa tarika ya Alawiyya ambaye msikiti wake nao unaitwa Riyadh. Kisomo hicho kikaambatana na matwari na sauti za watu wote. Mtu wa Langoni, ambaye ngoma ilikuwa ndiyo lugha yake ya furaha na ya huzuni, hakutakiwa aiache mlangoni. Aliingia nayo. Baadhi ya wanazuoni wa wakati ule walipinga kupigwa matwari msikitini, na hata leo wapo Waislamu wa pwani wanaoyaona Maulidi yenyewe kuwa bidaa. Mjadala huo haujaisha, na pande zote mbili zina vitabu vyao.

Msikiti ulijengwa, wanafunzi wakaongezeka, na waliohitimu wakatawanyika wakafungua madrasa sehemu nyingine za pwani na za bara. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na watoto na wajukuu wake wakaiendeleza kazi. Maktaba ya chuo ina hati za mkono zaidi ya 100, ambazo zimepigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Siku ya kufunga Maulidi, msafara hutoka na matwari hadi kaburini kwake kwa ziara.

Tusiipambe hadithi kupita kiasi. Usawa wa Riyadha haukufuta kila daraja. Uongozi umebaki katika ukoo wa Jamalilail, na mkono wa sharifu bado unabusiwa na wengi. Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake The Sacred Meadows cha mwaka 1974, alionyesha jinsi heshima ya masharifu ilivyopanda Lamu wakati ya waungwana ikishuka. Mlango mmoja ulifunguliwa. Ngazi ndani ya nyumba ilibaki. Lakini aliyekuwa nje kwenye jua hawezi kuambiwa kwamba kufunguliwa mlango ni jambo dogo.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi shule nyingi, za Kiislamu na zisizo za Kiislamu, zina siku yao ya utamaduni. Watoto huvalishwa leso, shuka na kanzu, mama mmoja akaleta mahamri, mwingine anjera, wa tatu biriani, picha zikapigwa, kesho yake kila mtu akarudi kwenye kundi lake. Hakuna ubaya katika kula na kucheza pamoja. Lakini Riyadha inatufundisha mpangilio: kwanza mkeka, kisha ngoma. Watu wa makabila mbalimbali walicheza pamoja Langoni kwa kuwa walikuwa wameshasoma pamoja, chini ya mwalimu mmoja, kitabu kimoja.

Mwalimu mkuu anayepanga sherehe kama hiyo mwaka huu, kabla hajakodi turubai, na afungue daftari la wanafunzi. Aangalie ni watoto wa nani hawamo, na ni karo, lugha au ukoo uliowazuia. Kisha aangalie majina ya walimu vivyo hivyo. Akishawaita waliokosekana wakaketi, ngoma wataileta wenyewe.