Kuchagua Ruwaza ya Usanifu kwa Kikagua Tahajia cha Lahaja Nyingi

Kikagua tahajia kilichojengwa juu ya kamusi moja ya Kiswahili sanifu hulipigia mstari mwekundu neno batoto. Kwa mzungumzaji wa Lubumbashi neno hilo halina kosa: ngeli ya watu katika Kiswahili cha huko huchukua ba- mahali ambapo Kiswahili sanifu huweka wa-. Suala hili huonekana kuwa la kiisimu tu, ilhali sehemu yake kubwa imo katika usanifu wa programu.

Kikagua hutegemea vitu viwili, yaani kamusi ya mashina na kanuni za viambishi. Kikiviunda chenyewe, lahaja haiwezi kubadilishwa bila kufumua msimbo. Uamuzi wa kisera kuhusu lahaja inayokubalika huwa umekwisha kufanywa na mwandishi wa programu, pengine pasipo yeye kujua.

Njia nyepesi ni kukikabidhi kikagua vitegemezi vyake kutoka nje kinapoundwa, utaratibu ambao Martin Fowler aliufafanua katika makala yake ya mwaka 2004. Kikagua hujua kiolesura tu: kwamba ipo kamusi inayoweza kujibu iwapo shina fulani limo. Kama kamusi hiyo ni ya Unguja au ya Kisangani, hilo halikihusu. Mtafiti naye hupata nafasi ya kuweka kamusi ya majaribio yenye maneno kumi na kupima kanuni peke yake.

Hata hivyo, njia hiyo huruhusu michanganyiko isiyofaa. Kamusi ya Lubumbashi ikikabidhiwa pamoja na kanuni za Kiswahili sanifu, programu itafanya kazi bila kulalamika: shina -toto litatambuliwa, ba- itakataliwa. Hapo ndipo Kiwanda Dhahania, mojawapo ya ruwaza 23 katika kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides cha mwaka 1994, kinapostahili gharama yake. Kila lahaja hupewa kiwanda kinachotoa kamusi na kanuni zinazooana. Gharama yenyewe si ndogo, kwani aina mpya ya kitegemezi, tuseme orodha ya majina ya mahali, hulazimisha viwanda vyote virekebishwe.

Kwa lahaja moja yenye kamusi mbili, kiwanda ni mzigo mtupu. Kwa chombo cha kutumika Dodoma, Bujumbura na Lubumbashi, viwanda viunde na kikagua kikabidhiwe. Taasisi inayokiagiza idai katika mkataba kwamba lahaja iteuliwe mahali pamoja, katika faili ya mipangilio ambayo mwanaisimu asiye mtaalamu wa programu anaweza kuisoma na kuibadilisha.