Istanbul: Mji mmoja, mabara mawili

MGENI anayepanda feri Eminönü, upande wa Ulaya, hushuka Kadıköy, upande wa Asia, baada ya takriban dakika 20. Hakuna anayemuuliza pasipoti, kwani huo ni mji mmoja: Istanbul, nchini Uturuki, uliogawanywa na mlango wa bahari wa Bosphorus.

Mahali ulipo ndiko kulikoufanya mji huo upiganiwe kwa karne nyingi. Aliyeumiliki alidhibiti njia ya meli za Bahari Nyeusi. Wagiriki wa kale waliuita Byzantium. Mnamo 330, Mfalme Constantine wa Roma aliufanya makao yake makuu, ukaja kuitwa Constantinople. Mwaka 1453 ulitekwa na Sultan Mehmed II, ukawa mji mkuu wa himaya ya Ottoman.

Historia hiyo yote imo katika jengo moja, Hagia Sophia. Lilijengwa kati ya 532 na 537, enzi za Mfalme Justinian, likiwa kanisa kuu. Baada ya 1453 liligeuzwa msikiti na hatimaye likawa na minara minne. Mnamo 1934 serikali iliamuru liwe makavazi. Julai 2020, kufuatia uamuzi wa mahakama, likawa msikiti tena. Waislamu wengi walishangilia, huku viongozi wa Kikristo, akiwemo Papa Francis, wakieleza huzuni yao.

Tangu Januari 2024, watalii wa kigeni huingia kwa mlango wao na kulipa euro 25 ili kuzuru ghorofa ya juu. Sakafu ya chini ni ya waumini, nao hawalipi. Huko juu kuna michoro ya Yesu na Mariamu iliyofichwa kwa plasta kwa muda mrefu, ikafichuliwa kuanzia miaka ya 1930. Kutoka hapo pia huonekana mabango makubwa ya mviringo yenye majina ya Mwenyezi Mungu na Mtume Muhammad.

Mwanamke anayezuru sharti ajifunike kichwa. Aidha, ni vyema kuepuka saa za swala, hasa Ijumaa.

Hivyo basi, Mashariki na Magharibi hazikukutana Istanbul kwa amani daima. Zilirithiana, mara nyingi kwa upanga, na swali la nani mwenye haki ya kuomba pale halijazimika. Hata hivyo, kila mrithi aliliacha jengo hilo limesimama.