Dawa ya Dharura Ikae Karibu na Mgonjwa

Kila mara maradhi ya kuambukiza yanapobisha hodi katika nchi, Serikali hulazimika kushika madaraka ambayo katika siku za kawaida haiyahitaji: kununua dawa bila kungoja mzunguko mrefu wa zabuni, kuelekeza akiba ya mkoa mmoja kwenda mkoa mwingine, na pengine kutwaa kwa muda mali ya mtu binafsi kwa faida ya wote. Hatuna ugomvi na madaraka hayo, kwa kuwa Serikali isiyoweza kuwatafutia wananchi wake dawa wakati wa balaa haistahili jina hilo. Swali letu ni jingine. Je, madaraka hayo yanamfikia mgonjwa mahali alipo, na yanamfikia baada ya saa ngapi? Tunaliuliza tukizitazama wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara, na tukivitazama visiwa vya Ziwa Victoria, ambavyo wakazi wake wanaijua maana ya umbali kuliko mtu yeyote anayekaa barabarani.

Sheria zipo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 32, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari nchini kote au katika sehemu yake, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni balaa linaloitishia jamii. Tangazo hilo halina budi kufikishwa Bungeni ndani ya siku 14, na kuungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge. Ibara ya 24 inamlinda mwananchi asinyang'anywe mali yake pasipo sheria na pasipo fidia inayostahili. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inawapa maofisa wa afya nguvu za kupambana na magonjwa ya kuambukiza. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini. Sheria ya Ununuzi wa Umma, ile ya 2011 na hii ya 2023 iliyochukua nafasi yake, inautambua ununuzi wa dharura. Tena, tangu Sheria Na. 13 ya 1993, tunayo Bohari ya Dawa, ambayo kwa upande wetu huu wa Ziwa ina ghala lake Mwanza. Kwa hiyo hakuna ofisa anayeweza kusema kwamba nchi haina chombo. Upungufu uko katika mwendo wa chombo hicho.

Tuanze na Serengeti. Wilaya hii inasifika duniani kwa wanyama wake, lakini wananchi wa vijiji vinavyozunguka Mugumu wanamjua mnyama mwingine anayeua kimyakimya, yaani mbwa mwenye kichaa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila anayeugua hufa. Hata hivyo, kabla ya dalili kutokea, unazuilika: jeraha huoshwa kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, na aliyeumwa hupewa chanjo mapema, akairudia kwa tarehe alizopangiwa. Uchunguzi wa wataalamu uliofanyika Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha waziwazi kuwa uhaba wa chanjo na gharama yake huwachelewesha watu walioumwa, na wengine huikosa kabisa. Kwa makadirio ya wataalamu, kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na wengi wakiwa watoto.

Tazameni sasa jinsi jambo lilivyo. Mtoto aliyeumwa na mbwa katika kijiji kimoja cha Serengeti hawezi kutangaziwa hali ya hatari na mtu yeyote. Bunge halitakutana kwa ajili yake. Lakini kwake yeye na wazazi wake, ile ndiyo dharura yenyewe, wala haina nafasi ya kungoja barua iende Musoma, ipite Mwanza, ifike Dodoma na kurudi. Ikiwa jokofu la kituo cha afya cha karibu halina chanjo siku hiyo, madaraka yote tuliyoyataja hapo juu hayamsaidii kitu. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Isidhaniwe kwamba tunadai lisilowezekana. Ndugu zetu wa Pemba wametuonyesha njia. Kwa kuwachanja mbwa kampeni baada ya kampeni, kisiwa hicho kiliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Baadaye ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, wakaanza upya, na kufikia mwaka 2018 wakauondoa mara ya pili. Wataalamu wanasema kuwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa katika eneo kunatosha kuukata mnyororo wa maambukizo. Somo la Pemba kwa watu wa visiwani ni la namna mbili. Maji yanayokizunguka kisiwa ni ngome iwapo dawa imekwisha kuwekwa ndani mapema, lakini ni kikwazo kikubwa iwapo dawa iko ng'ambo.

Twende Tarime. Wilaya hii inapakana na Kenya, na mji wa Sirari ni mlango mkubwa wa biashara kati ya nchi hizi mbili. Mahindi, ng'ombe, ndizi na dagaa wa Ziwa hupita hapo, na maradhi nayo hayaombi hati ya kusafiria. Mwezi Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa magari ya mizigo, wananchi wa mpakani waliona jinsi uamuzi wa miji mikuu unavyoweza kusimamisha maisha ya wilaya nzima kwa siku moja. Mwaka 2024 homa ya nyani ilithibitishwa Kenya, na mwezi Machi 2025 ikathibitishwa Tanzania. Wahudumu wanaosimama mpakani kumpima joto kila msafiri ndio macho ya taifa. Hatuwatendei haki tukiwakabidhi kazi hiyo bila glavu, barakoa na dawa za kutosha kwa wiki za kwanza za mlipuko, ambazo ndizo ngumu kupita zote.

Na visiwa je? Mwezi Machi 2023 Serikali ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Mgonjwa aliyedhaniwa kuwa wa kwanza alikuwa amesafiri kutoka kisiwa cha Goziba kabla ya kuugua na kufariki. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni 2023, watu tisa walikuwa wamehesabiwa kuugua, na sita miongoni mwao walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Mlipuko ule ulizimwa upesi, na waliouzima wanastahili shukrani za taifa. Lakini Januari 2025 ugonjwa huohuo ukazuka tena, safari hii Biharamulo, na watu wote kumi waliohesabiwa walifariki. Marburg haina chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Kinachookoa maisha ni maji ya dripu, mavazi ya kujikinga, na mhudumu anayejua la kufanya siku ya kwanza. Vitu hivyo si vya ajabu, ila ni vitu ambavyo mara nyingi havipo kisiwani mgonjwa wa kwanza anapoanza kutetemeka kwa homa.

Yapo pia mambo ya kujifunza kwa mataifa makubwa. Mwezi Machi 2020 Ufaransa ilitwaa akiba zote za barakoa zilizokuwa nchini mwake. Mwezi huohuo Marekani ilitumia sheria yake ya mwaka 1950, iliyotungwa wakati wa vita vya Korea, kukilazimisha kiwanda cha magari cha General Motors kutengeneza mashine za kupumulia. Mwaka 2021 India ilizuia kusafirishwa nje kwa chanjo zilizotengenezwa kwake, ili watu wake wapate kwanza, na nchi za Afrika zilizokuwa zikizingoja zikabaki mikono mitupu. Chanjo za kwanza za UVIKO-19 za Tanzania, dozi zipatazo milioni moja, ziliwasili Julai 2021. Hata chanjo ya kipindupindu ni hivyo: akiba ya dunia ilipopungua, mwezi Oktoba 2022 wasimamizi wake waliamua kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Hatuwalaumu waliojitanguliza. Tunasema tu kwamba nchi isiyotengeneza haina cha kutwaa siku ya balaa, na amri ya kutwaa, hata iwe kali namna gani, haizai chanjo katika ghala tupu. Kwetu sisi, nguvu halisi ya Serikali ni kuweka akiba kabla ya siku hiyo.

Wala tusisahau upande wa pili. Dharura ni kichaka kizuri cha kujifichia kwa mtu mwenye mkono mrefu. Jirani zetu wa Kenya walijifunza hayo mwaka 2020, pale ununuzi wa vifaa vya UVIKO-19 wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 7.8 katika mamlaka yao ya dawa ulipokaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na kuonekana kuwa na kasoro nyingi. Ofisa wetu mwaminifu akiikumbuka habari ile, huogopa kutia sahihi, naye asiye mwaminifu huisubiri dharura kama mvua ya kupandia. Dawa ya ugonjwa huu ni kuandika kanuni zinazoeleweka mapema, ili mwaminifu atie sahihi bila hofu na mwizi asipate upenyo.

Nchi hii si mgeni katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1983, katika miaka ya shida kubwa ya fedha za kigeni, mpango wa dawa muhimu, uliosaidiwa na Denmark na shirika la UNICEF, ulipeleka makasha ya dawa yaliyofungwa moja kwa moja hadi zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Makasha hayo yalikuwa na kasoro zake, kwani dawa nyingine zilizidi na nyingine zikapungua, na baadaye utaratibu ukabadilishwa ili kila kituo kiagize kinachohitaji. Lakini wazo lake la msingi lilikuwa sahihi: dawa itangulie, mgonjwa aikute.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa wahusika. Kwanza, kila wilaya iliyo mpakani, kando ya hifadhi au visiwani iwe na akiba ya dharura iliyoorodheshwa na kukaguliwa: chanjo ya kichaa cha mbwa katika jokofu lenye umeme wa uhakika, pakiti za kuongeza maji mwilini, dripu, dawa ya kutibu maji, na mavazi ya kujikinga. Pili, mganga mkuu wa wilaya apewe kwa maandishi kiwango cha fedha anachoweza kutumia papo hapo, pamoja na ruhusa ya kukodi boti au gari na kuchukua dawa katika duka binafsi kwa hati ya malipo, na mwenye duka alipwe kwa muda uliowekwa, kama Katiba inavyotaka. Tatu, hesabu ya kila kilichonunuliwa au kutwaliwa isomwe hadharani, katika Baraza la Madiwani na katika mkutano wa kijiji, mara tu dharura inapokwisha.

Kwenu wananchi wa vijijini na visiwani, wajibu wenu si mdogo. Pelekeni mbwa wenu kuchanjwa siku ya kampeni. Mgonjwa mwenye dalili za kutisha asifichwe nyumbani wala asisafirishwe kwa mtumbwi usiku kukwepa zahanati. Ulizeni katika mikutano yenu akiba ya dawa ya dharura iko wapi, na ufunguo wake anao nani.

Na kwenu viongozi, hatuwaombi madaraka mapya, maana mliyo nayo yanatosha. Tunawaomba myashushe kutoka katika majalada na kuyaweka mikononi mwa mganga wa wilaya, ili usiku ule homa itakapoingia kisiwani, au mbwa atakapomrukia mtoto njiani kutoka shule, mganga huyo awe na dawa ya kutoa na ruhusa ya kuitoa.