"Mafuta ya Breki": Neno Linaloweza Kupotosha

Kimiminiko kinachotiwa katika kijitangi cha breki za gari huitwa na wengi "mafuta ya breki". Jina hilo limezoeleka, lakini mfasiri wa vitabu vya ufundi hana budi kulitazama kwa makini. Aina zitumikazo sana, yaani DOT 3 na DOT 4 za viwango vya Marekani, si mafuta. Asili yake ni glaikoli. Mtu akidanganywa na jina akatia oili ya injini, mipira ya ndani ya silinda hufura, na breki huweza kukataa kabisa. Kwa hiyo twapendekeza kiowevu cha breki.

Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa mujibu wa viwango hivyo, DOT 3 kikiwa kipya hakitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selisiasi. Kikiisha kunyonya maji kwa kadiri ya majaribio, kiwango ni 140. Kikichemka hutoa mvuke. Mvuke hushindilika, kiowevu hakishindiliki. Ndipo kanyagio huzama na gari lisisimame.

Hapa pana vitendo viwili ambavyo haifai kuvichanganya. Kutoa hewa, ambako mafundi hukuita "kutoa upepo", ni kuondoa mapovu yaliyoingia katika mabomba. Kubadilisha kiowevu ni kukiondoa chote kilichochakaa na kuweka kipya.

Njia ya kufanya nyumbani ni moja, nayo yataka watu wawili. Mpira mwembamba huvikwa kwenye skrubu ya kutolea hewa iliyo gurudumuni, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye kiowevu safi. Mmoja hukanyaga breki. Mwenzake hufungua skrubu, kisha huifunga kabla kanyagio halijaachiwa. Kijitangi kisiachwe kikauke, kwani hewa itaingia upya. Magari mengi huanziwa gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, ila kitabu cha gari ndicho kifuatwe. Breki zijaribiwe kabla ya kuingia barabarani.

Tofauti imo katika kikomo. Atoaye hewa huacha mapovu yakiisha. Abadilishaye huendelea mpaka kiowevu kipya kitoke katika kila gurudumu. Basi mfasiri akiandika "toa hewa" panapotakiwa "badilisha kiowevu", msomaji atatii, mapovu yataisha, na maji yatabaki.