Gitaa la Besi na Mkono Unaonyamazisha

Miongoni mwa ala zipigwazo katika muziki wa dansi, hapana hata moja inayofuatwa na wengi na kutambuliwa na wachache kama gitaa la besi. Maana mwenye kucheza huifuata kwa miguu yake pasipo kujua ni nini akifuatacho, na mwenye kusifu humsifu mwimbaji na mpiga solo, mpaka siku besi inapozimika kwa hitilafu ya waya, ndipo ukumbi mzima hugeuza nyuso kutafuta kilichopungua. Kwa sababu hiyo kijana anayeazimia kujifunza ala hii aghalabu huanza na dhana potofu, kwamba besi ni gitaa la kawaida lililopunguziwa nyuzi mbili kwa kuwahurumia wavivu, naye hupoteza miezi akishindana na chombo ambacho tabia yake hakuiuliza. Nasaha nyingi apewazo huwa ni amri kavu kwake hadi ajue uzi mnene hufanya nini unapoguswa. Basi heri tuanze na uzi.

Chombo chenyewe hakina umri mkubwa. Mzazi wake ni ile besi ya mbao ipigwayo kwa kusimama, ambayo watu wa Unguja wameizoea nyuma ya kanuni, udi na fidla katika vikundi vikubwa vya taarabu: ala ya kimo cha mtu mzima, yenye taabu katika kuisafirisha, na yenye shingo laini isiyo na alama, hata mpigaji hulazimika kuitafuta kila sauti kwa sikio na kwa mazoea ya mkono. Katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa Seattle, Marekani, aitwaye Paul Tutmarc, alitengeneza besi ya umeme ya kupakatwa kama gitaa, walakini haikupata wateja wengi. Bahati hiyo ilimwangukia Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton katika California, ambaye, ajabu ya maajabu, hakuwa mpiga gitaa, naye mwaka 1951 akaleta sokoni besi aliyoiita Precision. Shingoni aliipandia vijiti vya madini, ambavyo wapigaji huviita freti, ili kidole kikibonyeza popote baina ya viwili, itoke sauti ile ile iliyokusudiwa. Urefu wa uzi wake unaotetema ulikuwa inchi 34, yaani kadiri ya sentimita 86, nao ndio kipimo cha kawaida hata leo.

Kipimo hicho ni suluhu baina ya hisabu na mkono wa mwanadamu. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, katika kitabu alichokitoa mwaka 1636, alibainisha kaida zinazoutawala uzi wowote utetemao: ukiurefusha, sauti hushuka, ukiulegeza, hushuka, ukiuzidishia uzito, hushuka vile vile. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 kwa sekunde, na wa besi hutetema mara 41, nusu kamili. Basi lau fundi angetaka kuipata nusu hiyo kwa urefu peke yake, ingemlazimu kuutandaza uzi wa mita 1 na sentimita 30, ambao mkono usingelifikia mwisho wake, na lau angetaka kuipata kwa kuulegeza, uzi ungelala kama kamba ya kuanikia nguo. Ikabaki njia ya uzito. Lakini chuma kitupu chenye unene wa karibu milimita 2.7 hakikubali kupinda sawasawa, na zile sauti ndogo zipandazo juu ya sauti kuu hupotoka. Kwa hiyo uzi wa besi hufanywa kwa waya mwembamba wa feleji uliozungushiwa waya mwingine, ukapata uzito pasipo kupoteza ulaini. Nyuzi nne zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, na ndiyo sababu ndani ya mbao hupitishwa fimbo ya chuma. Anayenunua besi kuukuu sharti aitazame shingo kwa jicho moja, toka kichwani hadi chini, kabla hajauliza bei. Rangi hupakwa upya na waya hubadilishwa, ama shingo iliyokwisha kupotoka haina tiba rahisi.

Natija ya uzito huo ndiyo siri ya ala nzima. Udi hulia na sauti yake ikafa upesi, hata mpigaji wake hutaabika kuyafululiza mapigo ili wimbo usikatike, ilhali uzi wa besi ukiguswa mara moja huendelea kuunguruma kwa sekunde kadhaa. Fauka ya hayo, nyuzi jirani ambazo hapana aliyezigusa huamshwa na mtetemo wa mwenzao, kila mmoja ukaitikia sauti iliyo ya jamaa yake, na mwanafunzi anayedhani amepiga sauti moja kumbe amepiga tatu. Sauti nyembamba zikichanganyika huweza kuwa pambo. Sauti nene zikichanganyika huwa tope, kwa maana sikio haliwezi kuzibagua vema sauti mbili za chini zilizokaribiana. Kwa hivyo, ijapokuwa vitabu vingi humfundisha mwanafunzi namna ya kuianzisha sauti, rai yangu ni kwamba sehemu kubwa ya upigaji besi ni kuizima, na afadhali alijue hilo katika wiki ya kwanza kuliko katika mwaka wa tatu.

Namna yenyewe yaelezeka kwa maneno machache na kutendeka kwa saburi nyingi. Apigapo uzi wa pili kutoka juu, kidole gumba cha mkono wa kulia na kilale juu ya uzi wa kwanza, ule mnene, kiutulize. Ahamiapo uzi wa tatu, gumba lishuke likae juu ya wa pili huku ubavu wake ukiendelea kuugusa wa kwanza. Hivyo gumba liwe mlinzi aendaye nyuma ya vidole vinavyopiga, lisigandishwe mahali pamoja. Mkono wa kushoto nao una kazi yake: kidole kinapomaliza kubonyeza kisirushwe hewani, bali kilegezwe tu, uzi uachane na freti ilhali ngozi ingali juu yake, na sauti itakatika pale pale bila kelele. Kisha aichukue metronomu, ambayo siku hizi hupatikana bure katika simu, aitie mapigo 60 kwa dakika, apige sauti moja katika pigo la kwanza na kuikata barabara pigo la tatu linapoingia, si kabla wala si baada. Zoezi hili lina sura ya mchezo wa watoto, lakini wamo wapigaji wa miaka mingi wanaolishindwa.

Je, wajua kwamba ile besi uisikiayo katika redio ndogo au katika spika ya simu aghalabu haimo? Spika yenye upana wa vidole viwili haina uwezo wa kuitikisa hewa mara 41 kwa sekunde kwa nguvu ya kusikika, kwani wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Itoazo ni zile sauti ndogo zilizo juu yake, za mitetemo 82, 123, 164 na kuendelea. Ubongo wa msikilizaji huzipima tofauti zake, ukaona kwamba zote ni watoto wa 41, ukamwongezea mwenyewe sauti ya mzazi asiyekuwapo. Hata spika ikiwa kubwa, sikio la mwanadamu ni zito kwa sauti za chini. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilithibitisha hilo kwa vipimo walivyovitoa mwaka 1933, na ndiyo maana besi huhitaji amplifaya yenye nguvu maradufu na zaidi ili isikike sawa na gitaa la solo. Mwanafunzi asiye na mali na asitie besi yake katika amplifaya ya gitaa na kuifungulia mpaka mwisho, kwa sababu spika yake haikuumbwa kwa mwendo mpana wa sauti hizo, nayo huweza kupasuka. Kwa mazoezi ya chumbani, vifaa vya kuvaa masikioni vinatosha, sauti ikiwa ya kiasi.

Kuhusu vidole vya kushoto, watu wengi wenye mikono midogo hukata tamaa mapema pasipo sababu. Nafasi ya kwanza shingoni ni kama sentimita 4.8, na zile zifuatazo hupungua kidogo kidogo hata kufikia freti ya 12 zikawa nusu yake. Kumtaka mgeni avitandaze vidole vinne juu ya nafasi nne za kwanza ni kumtafutia maumivu ya kifundo. Franz Simandl, aliyefundisha besi ya kusimama mjini Vienna katika karne ya 19, aliweka desturi ya kutumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho, cha pete kikimsaidia mwenzake, na desturi hiyo yafaa vizuri sana kwa sehemu za chini za gitaa la besi. Kidole kibonyeze karibu kabisa na freti, nyuma yake kidogo, mahali ambapo nguvu haba hutosha, na ukanda wa begani urekebishwe ili ala ikae kimo kile kile mpigaji akiwa ameketi au amesimama. Na ikitokea sauti moja katika uzi mwembamba, baina ya freti ya 5 na ya 7, ikafa haraka kuliko jirani zake, asijilaumu: shingo za besi nyingi hutetema zenyewe katika sauti hiyo na kuunyang'anya uzi nguvu zake, nalo ni jambo ambalo hata ala za bei kubwa hazikusalimika nalo.

Mkono wa kulia una uhuru zaidi kuliko walimu wakali wapendavyo kukiri. Dasturi ni kupokezana kidole cha shahada na cha kati, nayo ni dasturi njema. Walakini James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit, alitumia kidole cha shahada peke yake, na Carol Kaye wa Los Angeles, mpiga gitaa aliyeshika besi mwaka 1963 siku ambayo mpigaji aliyetarajiwa hakutokea studioni, alitumia kipande cha kupigia. Lililo muhimu ni mahali pa kupiga: karibu na shingo sauti huwa ya mviringo na pana, karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwili wa ala, huwa kavu na yenye makali.

Mwanafunzi akiisha kuimudu sauti moja, aende kusikiliza. Wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978, ni darasa tosha, kwa vile besi ya Tom Malanga husikika humo kama mwimbaji wa pili, mwenye jambo lake la kusema na mwenye adabu ya kungoja zamu. Auimbe kwanza mstari wa besi kwa mdomo, kisha autafute kwenye nyuzi, kisha ahesabu ni wapi Malanga ananyamaza.

Zimebaki nyuzi zenyewe, ambazo bei yake huwaumiza wengi. Zile zilizozungushiwa waya wa mviringo hung'aa sauti zikiwa mpya, kisha jasho na uchafu wa vidole huingia katika mikunjo yake na kuzifisha. Zile za waya bapa huwa na sauti ya kiza tangu mwanzo na hudumu miaka, na Jamerson alijulikana kwa kutozibadili mpaka zikatike. Asiye na uwezo wa kununua mpya huweza kuzifungua zile za mviringo, akazichemsha katika maji safi kwa dakika 10 hivi na kuzikausha kwa kitambaa mpaka isibaki tone, kwani maji yakikaa ndani ya mikunjo huleta kutu. Mng'ao wake hurudi kwa siku chache, wala si kwa muda mrefu.