Mbegu ya Ituri: masomo kwa intaneti yafike mpaka shambani

Sokoni Bunia, maharagi ya kula na ya kupanda yanatoka mara mingi katika gunia moja. Mkulima anaangalia rangi, anajaribu punje kwa meno, analipa. Kama haiote, msimu umepotea na hakuna mtu wa kuuliza. Kwa familia zilizokimbia vita Djugu ao Irumu na kurudia shamba mikono mitupu, hiyo haiko shida ndogo.

Kuhakikisha mbegu ni kazi ya SENASEM, huduma ya serikali. Kutafuta aina mpya ni kazi ya INERA, mrithi wa INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933, yenye kituo kule Nioka. Lakini kati ya mtafiti na mkulima, watu wenye kujua kupima, kukausha na kulinda mbegu wanapunguka.

Hapo masomo ya chuo kikuu kwa intaneti yanaweza kusaidia. Kule Marekani, Iowa State University inafundisha teknolojia ya mbegu kwa mbali mpaka shahada ya pili, lakini kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Bunia anasoma kwa Kifaransa, analipa forfe kwa mfuko wake, na umeme unakatika. Kwake somo linalofaa ni fupi, linabaki ndani ya telefone, na linaambatana na kazi ya mikono.

Mfano uko rahisi. Maabara inapima punje 400. Nyumbani 100 zinatosha kuonyesha njia. Uzipange juu ya kitambaa chenye maji kidogo. Mahindi hesabu siku ya 7, maharagi siku ya 9. Kama zimeota 60 tu, tafuta mbegu ingine ao uongeze kipimo cha kupanda. Somo lingine ni kukausha: kila unapopunguza maji ndani ya mbegu kwa 1 kwa mia, maisha yake ghalani yanakaribia kuzidi mara mbili.

Lakini ugonjwa wa majani ya muhogo haujulikane vizuri kwa picha peke yake. Ni lazima mwanafunzi aingie shambani pamoja na mkaguzi. Basi vyuo vya Bunia vikitaka kufungua masomo haya, viyatengeneze pamoja na SENASEM na INERA tangu mwanzo, na mtihani mmoja ufanyike shambani.

Wewe mwenye mbegu nyumbani, usingoje: hesabu punje 100 leo, mbele ya mvua.